Tuliyotabiri Juu Yako, Erasto

Kwako Erasto, mtoto wa mama yangu,

Nilianza kwa kuandika "mpendwa kaka", nikafuta. Sikutaka mstari wa kwanza uwe wa uongo halafu niombe watu waamini mistari inayofuata. Na watu wataisoma, kwa sababu barua hii siifungi. Naituma kwenye kikundi cha ukoo kwenye simu, na yeyote wa wadi yetu anayetaka aichukue. Nimekupigia na kukupigia. Anapokea msaidizi wako, ananiambia, "Mheshimiwa ana shughuli, andika." Basi nimeandika.

Juzi ulimtuma Shivachi, mtu wako wa kampeni. Alinikuta uani napura maharagwe. Hakunisalimu vizuri. Alipiga hatua ndefu ndefu kutoka jikoni mpaka kwenye kaburi la Mama, akasimama akatazama huku na huku kama mtu anayenunua shamba. "Hapa hema la wageni," akasema. "Pale jukwaa. Na kaburi tutalizungushia maua, lionekane vizuri kwa kamera." Ndivyo nilivyojua kwamba Jumamosi unazindua kampeni yako ya pili hapa nyumbani.

Nikamuuliza, "Nani amekubali?"

"Dada, mtu huomba ruhusa kuingia kwao?"

"Mimi ndiye ninayeishi hapa."

Akacheka. "Wewe si uliolewa ukarudi? Geti hili si lako kufunga."

Shivachi hajui habari za ndoa yangu. Alikuwa hajaingia boma hili hata mara moja. Maneno yale ulimpa wewe, akayabeba kama alivyopewa, akayatua mbele yangu. Kwa hiyo nayajibu kwako mwenyewe, si kwake.

Unakumbuka siku ulipotuambia kwamba utawania? Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa. Mama alikuwa amechinja ingokho, kuku wa heshima, kitu ambacho hakufanya ovyo ovyo, na tulikuwa tumekaa kuzunguka obusuma, ugali wetu, uliokuwa bado unatoa moshi. Wewe ulikuwa fundi wa stima bado. Ulikuwa umesomea kazi hiyo chuoni Sigalagala, na nusu ya nyumba za huku zilizo na taa, ni mikono yako iliyopanda juu ya dari zake. Ulinawa, ukakaa, hukula. Ukasema, "Nataka kusimama uwakilishi wa wadi."

Baba ndiye aliyejibu kwanza. Wewe unajua watu walivyokuwa wakimwendea kabla ya fahali kupiganishwa, kumuuliza ni yupi atakayeshinda. Alikutazama hivyo hivyo, kuanzia chini kwenda juu. "Utashindwa," akasema. "Fahali hashindi kwa pembe. Anashinda kwa miguu ya nyuma. Wewe ukisukumwa kidogo unarudinga nyuma."

Mama akamkatiza. "Atashinda. Watu wa hapa wanapendanga mtu anayelia, na huyu akianza kusema habari za Jerida atalia."

Mimi nikasema neno langu, na hukulisahau, kwa sababu ulinitazama vibaya. Nilisema, "Atashinda, na akishinda ataiba kama wengine."

Ulitujibu sote kwa neno moja. "Nataka kujenga wodi ya kujifungulia. Basi."

Hakuna aliyekula tena baada ya hapo. Jina la Jerida lilikuwa halijatajwa mezani tangu tumzike. Kwa wale wanaosoma na hawakumjua, Jerida alikuwa kitinda mimba wetu. Uchungu ulimshika mchana, mvua za masika zikiwa zimegeuza barabara kuwa uji mwekundu. Gari hakuna. Ulimweka kwenye pikipiki katikati yako na dereva, ukamshika kwa mikono miwili kutoka nyuma, mkaondoka. Alikufia mikononi mwako kando ya shamba la majani chai, kabla hamjaiona lami ya kwenda Kakamega. Alikufa na mtoto wake tumboni. Ulirudi nyumbani jioni umelowa, na kandambili yake moja ikiwa ndani ya mfuko wa koti lako. Mama alikuuliza nyingine iko wapi, ukakaa chini kwenye matope ukalia kama mtoto.

Ninakukumbusha kilio kile, Erasto, kwa sababu kilikuwa cha kweli. Hilo ndilo linalonitesa. Kama ungekuwa mwongo tangu mwanzo, leo ningekuwa na raha. Ningesema, tulijua, na ningekwenda kupika. Lakini mimi nilikuona kwenye matope yale.

Ukasimama, na yakawa kama Mama alivyosema. Ulipanda juu ya lori pale sokoni, ukashika kipaza sauti, ukasema, "Dada yangu alikufa mikononi mwangu," ukashindwa kuendelea. Wanawake walikuwa wamebeba ndizi na kuku wa kuuza. Waliweka mizigo chini. Mzee mmoja aliyekuja kumshangilia mpinzani wako alivua kofia. Siku ile nilijua Baba amekosea. Matokeo yalipotangazwa, ngoma za isukuti zilipigwa kutoka njia panda mpaka hapa uani, na Mama alicheza mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Nilicheza na mimi. Sikuogopa kuonekana.

Halafu nikaanza kungoja uibe. Nasema hivi wazi kwa sababu ni haki yako. Nilingoja, na hukuiba. Nyumba yako ina bati lile lile. Watoto wako wanasoma shule zile zile. Watu wamekuchunguza kwa macho makali kuliko yangu, na hawajaona kitu. Na wodi ikajengwa. Niliona msingi ukichimbwa, nikaona kuta zikipanda, nikaona wakipaka rangi ya samawati mpaka kiunoni mwa ukuta na nyeupe juu. Mama alikuwa akitembea mpaka kule kila wiki na kifimbo chake, anagusa ukuta, anarudi. Siku ya ufunguzi ulikata utepe, ukamshika Mama mkono ukamwingiza ndani awe mtu wa kwanza. Alitoka akaniambia, "Kuna vitanda, Rebeka. Vitanda vinavyoinuka." Siku ile hakukuwa na mtu katika Shinyalu nzima aliyekuwa na kaka kunishinda.

Kesho yake kufuli likatiwa mlangoni.

Tulidhani ni kwa siku chache. Ulituambia nesi anakuja. Tukangoja nesi. Nyasi zikaota mbele ya mlango, mbuzi wakaanza kujikinga mvua barazani. Mama akakuuliza hapa hapa nyumbani, ulipokuja kwa harusi ya jirani, mimi nikiwa namimina chai. "Mwanangu, nesi yuko wapi?"

"Mama, mambo ya wafanyakazi yanaamuliwa na wakubwa."

"Si uwaambie hao wakubwa? Si wewe una mdomo?"

Ukapunguza sauti, kana kwamba mimi sipo. "Nikipiga kelele sasa, watanitoa kwenye kamati. Wameniahidi uenyekiti. Nikipata uenyekiti ndipo nitaweza kusaidia vizuri."

Nikalikumbuka neno la Baba la miguu ya nyuma. Juu ya kura alikosea. Lakini hakuwa akizungumza juu ya kura tu.

Mimi nilikuwa nimetabiri wizi, nikawa nautafuta wizi, na kumbe kitu kilichokuwa kinakula moyo wako kilikuwa woga. Mwizi angalau huchukua kitu akakimbia nacho. Wewe hukuchukua chochote. Uliketi tu.

Sasa nakuja kwa Phanice, na nitasimulia taratibu, kwa kuwa wewe umesimulia habari hii mara nyingi na hukuwepo.

Phanice ni mke wa Ingosi, yule kijana anayechuma majani chai, boma la tatu kutoka kwetu. Uchungu ulimshika baada ya chakula cha mchana na mvua ilikuwa inapiga. Ingosi alikuwa kazini. Mama mkwe wake alikuja akikimbia kumwita Mama, kwa kuwa Mama zamani alizalisha watu. Tulipofika, Mama akampapasa tumbo akasema mtoto yuko karibu, na kwamba damu anayoiona haipendi. "Tumpeleke kwa wodi ya Erasto," akasema. Ndivyo alivyokuwa akiiita, wodi ya Erasto. "Labda kuna mtu." Tulimshika huku na huku, tukateremka naye matopeni. Hakukuwa na mtu. Mlinzi alikuwa ameenda sokoni na ufunguo.

Nikakupigia. Siku ile ulipokea.

"Kaka, tuko mlangoni kwa wodi na Phanice, mtoto anatoka. Ufunguo hauko. Nivunje kufuli?"

"Niko kikaoni, Rebeka."

"Nivunje?"

Nilisikia watu wakizungumza nyuma yako, mtu akacheka. Kisha ukasema, "Usivunje. Hiyo ni mali ya umma. Nitalaumiwa mimi." Ukakata.

Ingekuwa leo ningevunja. Siku ile Phanice alikwisha kulala chini, hakukuwa na wakati hata wa kutafuta jiwe. Mama alifukuza mbuzi. Nikatandika leso yangu juu ya saruji, juu yake shuka la Phanice. Mama alinawa mikono kwa maji ya mvua yaliyokuwa yakimwagika kutoka kwenye mfereji wa bati. Nilimshika Phanice mabega, na kila aliposukuma kichwa chake kiligonga mlango ule, na mlango ukalia ndani, ndani mlimokuwa na vitanda vinavyoinuka. Mama alikuwa akimwambia, "Sukuma, mama, sukuma, usiangalie mlango." Mtoto alitoka msichana. Hakulia mara moja. Mama akamgeuza, akamfuta pua na mdomo, akampuliza, akampapasa mgongoni, na mimi nilikuwa namwona Jerida, sikuwa naona kitu kingine. Kisha akalia. Phanice akaniuliza, "Ni mzima?" Nikamwambia ni mzima. Damu ikapungua yenyewe. Wasomaji wasidhani ilikuwa kazi ya mtu, ilikuwa bahati.

Nilitabiri kwamba utakuja ukiwa na hasira. Kwamba kesho utasimama kwenye bunge lenu la kaunti useme, jana mtoto amezaliwa na mbuzi mbele ya mlango wangu. Nilikungoja kwa hamu, Erasto. Nilimwambia Mama, "Sasa ataamka."

Ulikuja kweli. Ulikuja na mpiga picha.

Kufuli lilifunguliwa bila shida. Phanice aliletwa tena kutoka nyumbani kwake, akalazwa juu ya godoro ambalo nailoni yake haijatolewa, ilikuwa ikilia kila alipojigeuza. Ukambeba mtoto. Ukasema mbele ya simu zile zote, "Huyu ndiye mtoto wa kwanza kuzaliwa katika wodi yetu." Phanice alitabasamu. Alikuwa mchovu na mwenye furaha, mtoto wake alikuwa hai, angemtabasamia mtu yeyote.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. "Erasto," akasema. "Mtoto huyu alizaliwa nje. Sema nje."

Ukamsogelea ukamshika bega, ukamwambia kwa sauti ya upole ile ya kuwaambia wazee, "Mama, siasa ndivyo ilivyo. Picha hii ikitoka, watatuletea nesi."

"Watakuletea nesi wa nini," Mama akasema, "kama watoto wanazaliwa humo tayari?"

Shivachi akasema muda umekwenda, mkaondoka.

Katika mambo yote tuliyotabiri juu yako, lile la Mama pale mlangoni ndilo lililotimia sawasawa. Akina mama wa kanisa walikwenda mjini kuulizia nesi. Walioneshwa picha. Waliambiwa, "Wodi yenu inafanya kazi, si huyu hapa mheshimiwa wenu na mtoto?" Walirudi mikono mitupu. Tangu hapo ni wanawake wangapi wamepita mbele ya mlango ule juu ya pikipiki, wakishikiliwa na kaka zao? Kuulizia nesi sasa ni kukuita mwongo, na wewe huwezi kumuulizia kwa sababu ni wewe mwenyewe utakayejiita.

Baada ya siku ile Mama hakukuita jina tena. Labda hukugundua, kwa kuwa watu wote wanakuita hivyo. Alikuita Mheshimiwa. "Mheshimiwa amepiga simu?" "Mheshimiwa atakuja Krismasi?" Mara ya kwanza nilidhani ni mzaha. Alipougua aliniambia nisikusumbue, una vikao.

Ulikuja mazishini na magari. Sikulaumu kwa magari, mwana wa mtu ana marafiki zake. Ulipewa nafasi ya kusema. Nilikuwa nimekaa karibu na jeneza na Baba. Ulisema mengi mazuri na watu walilia, na mimi nililia. Halafu ukasema, "Na mikono hii ya mama yangu ndiyo iliyompokea mtoto wa kwanza wa wodi yetu." Watu wakapiga makofi. Mazishini, makofi. Nilimtazama Mama ndani ya jeneza, kioo kilikuwa bado hakijafunikwa. Mtu ambaye alikuambia ana kwa ana, sema nje. Ulingoja asiweze kujibu ndipo ukamtia ndani ya uongo wako.

Yale mengine yote ningeweza kuyaita udhaifu. Hili siwezi.

Sasa bango lako limewekwa njia panda, na picha ni ile ile. Wewe umembeba mtoto, nyuma yako rangi ya samawati. Mtoto mwenyewe anatembea siku hizi, anapita chini ya bango akienda dukani na nyanya yake, hajui ni yeye.

Phanice alikuja kwangu jana. Shivachi alikuwa amempitia pia. Atakaa mstari wa mbele, mtoto atavishwa gauni jipya, na Ingosi ameahidiwa kazi ya ulinzi, kulinda jengo lile lile. Nilikuwa na hakika atakataa. Yeye ndiye aliyelala pale chini. Nilimwambia, "Si utawaambia hapana?"

"Nitaenda, dada."

"Phanice, wewe unajua ulikuwa wapi."

"Najua. Mgongo wangu unajua kunishinda." Akamvuta mtoto mapajani. "Lakini Ingosi anachuma chai ya watu tangu awe kijana. Kama ni uongo, si wangu. Ni wa aliyeutunga."

Kwa hiyo nimekosea tena. Simlaumu. Nakuandikia hili ili ujue kwamba anakuja kwako akijua, na atakapokupigia makofi Jumamosi, atakuwa anajua.

Nilimsomea Baba ujumbe wa Shivachi wa kuja kusimamisha hema. Nilimwambia nitafunga geti. Aliizima redio yake. "Mwache aje," akasema. "Ni boma lake pia."

Alisema "pia", Erasto. Nililisikia vizuri na nililishika. Kwa hiyo sitafunga. Wageni wako nitawapikia chai, maana ni watu wetu na wengi wao walimzika Mama kwa upendo. Kaburi mtaliacha bila maua ya kamera; hilo Baba mwenyewe atamwambia Shivachi. Na wewe ukitaka kunitoa katika nyumba ya Mama kwa sababu ya barua hii, njoo uniambie mwenyewe, mchana, umesimama mbele ya Baba.

Unataka kujua natabiri nini safari hii? Utashinda. Siandiki haya nikidhani yatakuangusha. Wapinzani wako ni wale wale, mmoja aliiba kweli na mwingine hajulikani. Wewe unajua kulia, unajua kubeba mtoto, na kuta zipo zimepakwa rangi. Utashinda na utapata uenyekiti wako, na siku moja utakuwa mzee mwenye heshima, na watu watasema hukuwahi kula cha mtu. Na itakuwa kweli.

Lakini Jumamosi mimi nitakuwa kwenye hema. Sitakaa jikoni. Nitakaa kiti cha nyuma, nitakusikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Useme habari za barabara, useme habari za karo na mbolea, sitakukatiza. Ukimtaja Jerida, nitalia pamoja nawe, kwa sababu alikuwa wetu sote wawili. Ila ukimnyanyua mtoto yule ukasema alizaliwa ndani, nitasimama. Sitapiga kelele, na sina haja ya kipaza sauti, sauti yangu unaijua tangu tukiwa watoto. Nitauliza tu, mbele ya Baba na mbele ya Phanice, mlango ulikuwa wazi au ulikuwa umefungwa. Kisha nitabaki nimesimama nikikungoja ujibu.

Ni mimi, anayekufuata kuzaliwa,
Dada yako Rebeka